Nyayo za mama zimeacha kuwaka moto: je, amepona?

Swali la msomaji wa Mwanza: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, na kisukari ni mwaka wa tisa sasa. Anameza vile vidonge vikubwa vyeupe, metformini, asubuhi na jioni. Mwaka juzi aliugua kifua kikuu, akatumia dawa miezi sita, akapona. Kwa muda mrefu alilalamika nyayo zinawaka moto usiku kama amekanyaga pilipili, mpaka akawa anatoa miguu nje ya neti na kuiweka kwenye sakafu ya saruji ipoe. Kuna mtu alimletea unga wa dawa ya mishipa, anauweka kwenye uji. Tangu mwezi wa tatu hasikii tena moto, anasema amepona. Lakini Jumapili alishuka kwenye daladala akiwa na ndala mguu mmoja tu, na hakujua mpaka mtoto wa jirani alipomcheka. Jirani anasema ni mishipa imelegea. Je, kweli amepona? Hiyo mishipa inaharibikaje, na ikiharibika inarudi?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile ndala, maana katika barua yako yote ndiyo shahidi ninayemwamini zaidi. Ndala haifungwi kamba. Inashikwa na dole gumba na kidole cha pili, na vidole hivyo vinashika bila mtu kufikiri, kwa sababu ngozi iliyo katikati yake inapeleka habari ubongoni kila wakati: mkanda upo, mkanda upo, mkanda unateleza. Mtu mwenye nyayo nzima ndala ikimvuka anageuka kabla hajapiga hatua ya pili. Mama ameshuka, amekanyaga kokoto na lami yenye jua, amefika nyumbani, na habari ameletewa na mtoto wa jirani. Kwa hiyo hajapona. Ule moto ulikuwa kelele za mishipa ya fahamu inayoumia, na kinachoonekana tangu mwezi wa tatu ni kwamba sehemu kubwa ya mishipa ile imenyamaza. Mimi katika kliniki ya sukari simwogopi sana mgonjwa anayelia na miguu. Namwogopa anayeniambia "daktari, siku hizi hainisumbui" huku ananiachia alama za damu sakafuni.

Hilo si neno la kutishia watu. Alikuja kwetu mzee mmoja fundi seremala, amepanda ngazi mwenyewe, anacheka na wauguzi. Nilipomwambia avue kandambili, ya kulia haikutoka. Ilikuwa imepigiliwa msumari, na msumari ulikuwa umeingia kwenye unyayo wake kiasi cha nusu kidole. Hakujua tangu lini. Alichokiona yeye ni kwamba kandambili "imekuwa nzito kidogo."

Sasa tukubaliane neno kwanza. Kiswahili chetu kimelitwika neno mshipa mzigo mkubwa. Damu inapita kwenye mshipa, fahamu inapita kwenye mshipa, ukano wa kisigino watu wanauita mshipa, na mzee akisema "nina mshipa" huenda anazungumzia ngiri au busha. Ndiyo maana muuza dawa akisema unga wake ni wa mishipa, hajasema uongo wala kweli, hajasema kitu. Hapa nitaita neva, tusichanganyane. Na neva hailegei. Inabanwa, inakatika, inavuliwa ganda lake, au inakufa kuanzia mwisho. Ya mama, kwa maelezo yako, ni hii ya mwisho.

Kwa nini miguu ianze? Neva za pembeni ni zile zinazotoka nje ya ubongo na uti wa mgongo: jozi 12 kichwani na jozi 31 kwenye uti wa mgongo, pamoja na matawi yake yote hadi kwenye ngozi. Ile kubwa ya mguuni, pale makalioni, ni kamba nyeupe nene kama kidole, na ndani yake zimefungwa nyuzi nyingi mno. Kila uzi ni mkia wa seli moja. Hebu fikiria hapo: seli ambayo kiwiliwili chake kimekaa kando ya uti wa mgongo, kiunoni, hakionekani kwa macho, lakini mkia wake unakwenda hadi ncha ya dole gumba, karibu mita moja.

Mkia huo haujitengenezei riziki. Karibu kila kitu kinatengenezwa kule kiunoni na kusafirishwa. Mizigo ya haraka huenda kama milimita 400 kwa siku, kwa hiyo inafika kidoleni baada ya siku mbili tatu. Lakini protini zinazojenga uzi wenyewe, mfano wa nguzo na mapaa yake, hutembea milimita moja hadi tatu kwa siku. Piga hesabu: safari ya mita moja inachukua mwaka mmoja hadi karibu mitatu. Mwenye shamba la mwisho kwenye mfereji anaelewa jambo hili kuliko wanafunzi wangu wengi. Maji yakipungua kwenye chanzo, wa juu bado anamwagilia, yeye tayari mahindi yamejikunja.

Kwa hiyo chochote kinachoidhoofisha seli, iwe sukari, pombe, dawa au upungufu wa vitamini, kinaua ncha za nyuzi ndefu kwanza, miguu yote miwili kwa pamoja. Ganzi inaanzia vidoleni, inapanda kama mtu anayevaa soksi. Ikikaribia magoti, ndipo vidole vya mikono navyo vinaanza, kwa kuwa kutoka shingoni hadi vidoleni ni umbali unaokaribiana na ule wa kiunoni hadi hapo. Mpangilio huo ukiuona, soksi kwanza kisha glavu, umeshajua nusu ya ugonjwa bila kipimo chochote.

Tena nyuzi hazifanani. Ukijikwaa gizani kwenye mguu wa kitanda, unajua kwanza kwamba umejikwaa. Uchungu wenyewe unakuja nyuma kidogo, unapata hata nafasi ya kujiandaa. Ni kwa sababu habari ya kugusa inapita kwenye nyuzi nene zilizovikwa ganda la mafuta liitwalo mielini, zinazokwenda mita 50 na zaidi kwa sekunde, na uchungu ule wa kuwaka unapita kwenye nyuzi nyembamba zisizo na ganda, zinazojikokota mita moja au mbili kwa sekunde. Hizi nyembamba ndizo zinazobeba moto, baridi na maumivu, na kwenye kisukari mara nyingi ndizo zinazoanza kuharibika. Zikiwa zimejeruhiwa zinafyatuka zenyewe bila kuguswa. Ubongo hauna njia ya kujua kwamba habari hiyo ni ya uongo, unasikia moto tu. Usiku ni mbaya zaidi, hakuna shughuli ya kumsahaulisha mtu.

Kisha kuna nyuzi zinazoendesha mambo tusiyoyaamuru: jasho, mapigo ya moyo, tumbo, kibofu. Mwangalie mama visigino. Kama ngozi imekauka na ana magaga makubwa kuliko zamani, huenda ni hizi: unyayo usiotoa jasho unapasuka. Muulize pia kama anapata kizunguzungu akisimama ghafla, kama tumbo linajaa kwa chakula kidogo. Na kwa wanaume wanaosoma hapa, nguvu za kiume kupungua kwa mwenye kisukari mara nyingi ni habari hiyohiyo ya neva na mishipa ya damu. Wananiulizia hilo usiku kwa simu, hawalisemi kliniki.

Tuje kwa washukiwa. Barua yako inanipa watatu, na mimi naongeza wa nne.

Wa kwanza ni sukari yenyewe. Misuli huhitaji insulini ili kuchukua sukari ya kutosha kutoka kwenye damu; neva haingoji insulini. Sukari ikijaa damuni inajaa na ndani ya neva, inageuzwa kuwa kitu kinachoitwa sobitoli, na kazi hiyo ya kuigeuza inakula akiba ambayo seli ingeitumia kujilinda na uchakavu. Wakati huohuo vile vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva vinanenepa kuta na kuziba. Njaa na sumu, pamoja. Karibu nusu ya wenye kisukari hufikia kupata tatizo hili kwa kiwango fulani, na wengi wao hawakuwahi kusikia moto wala sindano. Walianza na ukimya moja kwa moja.

Wa pili ni metformini. Usiniwekee maneno mdomoni: metformini ni dawa nzuri, na mama asiiache kwa kusoma jibu hili. Lakini ikitumiwa miaka mingi inapunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 tumboni, na B12 ndiyo inayotunza lile ganda la mielini. Mtu mzima ambaye siku nyingi anakula ugali na mchicha, nyama kwa mwezi mara moja, dagaa kidogo, maziwa hayamkubali, anaweza kufikia mahali akiba ikaisha. Kipimo cha B12 hakipo zahanati lakini kwenye hospitali kubwa kipo. Mimi huyu ndiye ninayemtafuta kwa bidii kuliko wote, kwa sababu rahisi: anatibika. Sindano za B12 ni bei nafuu, na neva iliyodhoofishwa na upungufu ikishibishwa mapema inarudi kwa kiasi kikubwa.

Wa tatu ni dawa za kifua kikuu. Mojawapo, isoniazidi, inaharibu kazi ya vitamini B6 mwilini, na ndiyo maana wagonjwa walio hatarini, wenye kisukari, wenye VVU, wajawazito, wanywaji, hupewa kidonge kidogo cha B6 kila siku pamoja nayo. Angalia kadi yake ya zamani kama aliandikiwa. Kama hakuandikiwa, huenda dawa zile ziliongeza kuni kwenye moto uliokuwa tayari unawaka. Ila hapa nina onyo, maana najua kitakachofuata: usikimbilie duka la dawa ukamnunulia B6 akawa anabugia. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu waliokuwa wakimeza gramu kadhaa za B6 kwa siku kwa kuamini ni vitamini tu. Walipoteza hisia za miguu na mikono wakawa wanayumba wakitembea. Vitamini ileile, ikikosekana inaua neva, ikizidi sana inaua neva.

Wa nne hukumtaja, na wengi hawapendi ninapomtaja. Ni ukoma. Bado upo Tanzania, upo Msumbiji, upo Congo, na ni ugonjwa wa neva kabla ya kuwa wa ngozi. Bakteria aliyegunduliwa na Hansen kule Norway mwaka 1873 anaingia kwenye seli zinazovika neva ganda, na anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi: usoni, kwenye kiwiko, chini ya goti upande wa nje. Wenye ukoma hawapotezi vidole kwa sababu bakteria anavila, kama tulivyoambiwa utotoni. Wanavipoteza kwa sababu hawasikii sufuria ya moto wala jiwe kwenye kiatu, sawasawa na mama yako na ndala yake. Tofauti ni mpangilio. Ukoma haufuati soksi na glavu. Unachagua neva moja hapa, nyingine pale, na ukipapasa nyuma ya kiwiko unaikuta neva imevimba kama kamba ya katani. Mwangalie mama mgongoni, makalioni, mapajani: kuna baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba hasikii? Kama lipo, aende akaseme. Dawa zake ni za miezi sita au kumi na miwili na hazilipiwi. Kwa maelezo yako sidhani kama ni yeye, lakini kuangalia hakugharimu kitu.

Pombe hukuitaja. Nami sitaingia humo sana; kwa mnywaji, pombe inatia sumu neva huku ikimnyima hamu ya chakula na vitamini B1. VVU navyo huharibu neva, na baadhi ya dawa za zamani ziliharibu zaidi: stavudini ilitutesea wagonjwa wengi, mpaka Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 likazitaka nchi ziiondoe taratibu.

Uliuliza pia kwa ujumla neva zinavyoharibika, na hapa lazima nitoke kidogo kwa mama, kwa sababu kuna wanaosoma ambao ganzi yao ni ya mkono mmoja tu au mguu mmoja tu. Hiyo ni habari nyingine. Hapo fikiria kubanwa, kuvutwa au kukatwa. Mtu kalala amelewa, mkono umening'inia juu ya mgongo wa kiti, asubuhi kiganja kimeanguka hakiinuki. Fundi cherehani au mama wa kukanda maandazi anaamka usiku anakung'uta mkono, dole gumba na vidole viwili vya jirani vina ganzi: neva yake imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kijana wa bodaboda kaanguka kwa bega, shingo ikaenda huku bega likaenda kule, na kamba zote za mkono zikanyofoka au kuvutika. Mtoto mchanga mkubwa, kavutwa bega wakati wa kuzaliwa, mkono mmoja hauchezi.

Na sindano. Hii inaniuma, kwa sababu tunaifanya wenyewe. Neva kubwa ya mguu inapita katikati ya tako, na mtoto aliyedhoofu hana nyama ya kuifunika. Miaka ile ya sindano za kwinini za malaria tulipokea watoto waliochomwa vibaya, mguu ukaning'inia kuanzia kifundo, mtoto anaburuza vidole. Sindano ya tako kwa mtu mzima ichomwe juu, upande wa nje. Kwa mtoto mdogo ichomwe pajani. Mzazi una haki ya kumwambia mchoma sindano hivyo, kwa adabu, kabla hajachoma.

Daktari wa Uingereza, Seddon, mwaka 1943, katikati ya vita, aligawa majeraha haya mafungu matatu ambayo tunayatumia hadi leo. Kuna neva iliyoshtuka tu: uzi uko sawa, ganda limebonyea, inarudi yenyewe baada ya siku au wiki. Kuna iliyokatika nyuzi lakini ala ya nje ni nzima. Na kuna iliyokatika yote. Kuhusu hizi mbili, Augustus Waller alikuwa ameshaonyesha mwaka 1850, kwa kukata neva za ulimi wa chura, kwamba kipande kilichotengwa na seli yake kinakufa chote kuanzia pale kilipokatwa hadi mwisho. Kisha kile kilichobaki upande wa seli kinaanza kuchipua. Kinachipua milimita moja kwa siku, ala ikiwa ipo ya kukiongoza. Kwa hiyo neva iliyojeruhiwa tako la mtu mzima inahitaji miaka kufika unyayoni, na misuli isiyosikia amri kwa mwaka na nusu au miwili inakuwa imeshaanza kugeuka makovu na mafuta. Ndiyo sababu nasema neva iliyokatwa na panga isifungwe ngozi tu watu wakaenda nyumbani kusubiri. Ipelekwe kwa mpasuaji wa kuishona ndani ya siku, si miezi.

Moja la haraka kabla sijarudi: udhaifu unaoanza miguuni na kupanda ndani ya siku chache, leo ngazi zinamshinda, kesho hasimami, keshokutwa anapumua kwa shida, mara nyingi wiki chache baada ya kuharisha au mafua, si wa kungoja kliniki. Guillain, Barré na Strohl waliueleza kwa askari wawili wa Ufaransa mwaka 1916. Kinga ya mwili inashambulia neva zake yenyewe. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali kubwa usiku huohuo, penye mashine ya kupumulia. Wengi hupona.

Sasa mama. Leo jioni fanya hivi. Mlaze, miguu wazi, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila akisikia umemgusa. Kisha kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa ncha ya dole gumba lake, sekunde moja au mbili, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Usibonyeze, usigonge, usirudie pale pale kumsaidia. Halafu kidole cha katikati, kisha kidogo cha mwisho. Mguu wa pili vivyo hivyo, changanya mpangilio asibahatishe. Vidole sita jumla. Asiposikia viwili au zaidi, hisia za ulinzi zimepotea. Njia hii ilibuniwa Ipswich, Uingereza, na inakaribia sana matokeo ya ule uzi wa plastiki tunaotumia kliniki, unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Uzi wenyewe ulijulikana sana kupitia kazi ya wagonjwa wa ukoma.

Nakuambia mapema ili usishtuke: kwa ile ndala, nadhani utakuta vingi hasikii.

Je, inarudi? Sehemu iliyotokana na B12, kama ipo, ndiyo ina matumaini. Sehemu ya sukari, kwa mtu wa miaka 61 aliyekaa nayo miaka tisa, kwa kawaida hairudi kama ilivyokuwa. Tunachopigania ni isipande. Kuteremsha sukari kunasaidia. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 1993 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba kuidhibiti kwa ukali kulipunguza tatizo la neva kwa kama asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo nadhani ndiyo ya mama, faida ipo lakini ni ndogo zaidi. Omba kipimo cha sukari ya miezi mitatu, si cha asubuhi ile tu, maana wazee wetu wana tabia ya kufunga siku mbili kabla ya kliniki ili wamfurahishe daktari. Dawa za kutuliza moto, kama amitriptilini usiku au gabapentini, zinatuliza kelele tu, haziponyi neva. Mama kwa sasa hana kelele, asipewe.

Kazi kubwa iliyobaki ni kuwa macho ya miguu yake. Kila jioni wewe au mjukuu mwenye macho mazuri muangalie nyayo, visigino na katikati ya vidole. Maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine kwa kiwiko. Habari ya kukanda miguu kwa maji ya moto na chumvi iishe kabisa katika nyumba hiyo. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba kila ganzi ni baridi, lakini nimeona ngozi ya unyayo mzima ikitoka kama soksi kwa sababu ya beseni moja la upendo. Asiote jiko la mkaa. Magaga apake mafuta, asiyachonge kwa wembe. Ndala za kidole ziishe pia: viatu vyenye mkanda nyuma au vya kufunika, vikung'utwe kila kabla ya kuvaa, na anunue jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, akiambatana na wewe, kwa sababu yeye atachagua vinavyobana. Visipobana hasikii kama amevaa.

Na ile tabia ya kutoa miguu nje ya neti. Hapo ulinisimamisha. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya hung'ata taratibu, mwenye neva nzima angeruka kitandani kwa jino la kwanza, hawa waliamka asubuhi wakakuta damu shukani. Kama anaitoa kwa mazoea tu, mwambie moto umekwisha, miguu irudi ndani, neti ichomekwe chini ya godoro.

Lengelenge au kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, ni cha kliniki siku hiyohiyo. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake bila kidonda wala maumivu makali: huenda mifupa ya ndani inavunjika akiikanyaga bila kujua. Jean-Martin Charcot alieleza hali ya namna hiyo mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende ya neva, na leo kisukari ndicho kinachoileta zaidi. Asiukanyage mguu huo hata kwenda chooni mpaka uonwe.

Unga wa kwenye uji nimeuacha mwisho makusudi. Unaweza kuwa majani tu, na moto ukawa umekoma kwa sababu nilizozieleza. Lakini unga wa namna hiyo wakati mwingine huwa umesagiwa steroidi ndani yake, dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe. Steroidi inamfanya mtu ajisikie vizuri, inampa hamu ya kula, inaujaza uso, na inapandisha sukari, yaani inalisha ugonjwa uleule. Mtu aliyeitumia miezi mingi akiikata ghafla anaweza kuanguka. Kwa hiyo usiutupe, wala usigombane naye. Mpeleke kliniki wiki hii, kabla hajaamua mwenyewe kuendelea au kuacha, na abebe vidonge vyote, kadi ya kifua kikuu, ndala iliyobaki, na unga wenyewe ukiwa kwenye mfuko wake uleule ulioletwa nao.